Vakansi Guangzhou na watoto: watu wa kule wanaishije kila siku?

MamaNadege_Kampemba

Jambo kwenu wote. Bwana yangu anauza viatu na nguo za watoto kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na kila mwaka anaenda Guangzhou, China, kuchukua bidhaa. Safari hii anasema twende wote, Julai kuingia Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mkubwa ana miaka 11, wa pili 7, wa mwisho 3 na akichoka bado anataka mgongo.

Habari za biashara ninazo mpaka zimenishiba. Akirudi ananihesabia bei, kilo, kontena, nani alimdanganya rangi. Nikimwuliza watu wanaishije, wanakula nini asubuhi, watoto wanacheza wapi, ananijibu "wanaishi tu". Wanaume! Ninataka kumsikia mtu aliyekaa kule na familia yake. Siku inakwendaje? Watatushangaa? Na mimi nisiyejua neno hata moja la Kichina, nitafanya nini na watoto watatu wakati yeye yuko sokoni mpaka jioni?

Papa_Ruashi

Mama Nadege, miye nitasema bila kuzunguka. Ule mji ni wa kazi. Nalala Xiaobei, mtaa wa Waafrika, asubuhi niko masoko ya Sanyuanli, mangaribi nafunga mizigo, usiku nahesabu tena makuta. Mtoto atafanya nini pale? Joto la Julai njo shida ya kwanza, shati inalowa mbele hujavuka barabara. Na tiketi nne za zaidi, hizo ni balo ngapi? Acha watoto kwa nkambo yao, bibi yao, bwana ataleta zawadi.

MamaFuraha_BelAir

Mdogo wangu Mama Nadege, nenda. Papa Ruashi anisamehe, ila mtu anayetoka ghala hili akaingia ghala lile ameona maboksi, mji hajauona. Bwana yangu anafuata vipuri vya magari, nami na watoto wetu wawili tumekaa naye kule vakansi zaidi ya moja, chumba cha kupanga karibu na Xiaobei. Yeye akitoka, siku nzima ilikuwa juu yangu.

Guangzhou ina watu zaidi ya milioni 18, hiyo ni sensa ya 2020. Lakini siku ya kazi, ukitoka nje na watoto, wengi unaokutana nao ni wazee na wajukuu. Wazazi wako kazini mpaka giza. Watoto wanalelewa na nkambo zao, na hao nkambo hawajifungii ndani. Wako bustanini, chini ya ile miti mikubwa yenye mizizi inayoning'inia, wako mbele ya milango na viti vyao vidogo vya plastiki. Ukiwa na mtoto mkononi umeshaingia katika kundi lao, hata kama hujui kusema lolote. Bwana yako akipita peke yake na mfuko wa sampuli, nani atamsalimia?

Asubuhi nenda bustani ya Yuexiu. Kutoka Xiaobei unafika kwa miguu na kuingia ni bure. Nenda mapema, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakasirika. Utawakuta wengine wanafanya mazoezi ya polepole bila sauti, wengine wanaimba na maikrofoni kwa nguvu zote, na makundi hayo mawili hayasumbuani. Kuna mzee nilimzoea, alikuwa na brashi ndefu ya kimo cha fagio na ndoo ya maji, anaandika herufi za Kichina juu ya saruji. Akifika mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Anaanza tena. Binti yangu alimfuata nyuma siku nyingi mpaka mzee akampa brashi.

Mvulana wangu yeye alipata wenzake kwenye jianzi. Ni kitu kidogo cha manyoya kilichofungwa juu ya vipande vya duara, mnasimama duara, mnakipiga kwa mguu kisianguke. Wachezaji wenyewe ni wamama wa miaka sitini na kuendelea. Kijana wangu ambaye huku Bel-Air anajiona ni fundi wa mpira akasimama pembeni akitazama kwa dharau kidogo. Mama mmoja akampigia bila kumwuliza. Akakipokea kwa goti, kikaruka mpaka kwenye majani. Walicheka! Kisha yule mama akamshika kifundo cha mguu akamgeuzia: upande wa ndani, hivi, si kidole. Siku zilizofuata nilikuwa ninaamshwa na mtoto, si mimi ninayemwamsha.

Chakula cha asubuhi kitawafaa watoto wako. Kuna uji wa mchele, mzito, wenye chumvi na vipande vya nyama au samaki ndani, moto kweli kweli. Kuna chapati laini ya mchele iliyopikwa kwa mvuke, inakunjwa na yai au nyama, wanaimwagia sosi ya soya. Mwambie muuzaji kwa kidole unachotaka, inatosha. Siku bwana yako akiwa na nafasi, awapeleke kwenye nyumba ya chai, zile ambazo wazee wanakaa na gazeti tangu asubuhi hadi karibu na saa sita. Mtaletewa buli la chai na bakuli kubwa tupu. Msinywe chai ya kwanza: mwaga juu ya vikombe, bakuli na vijiti, vioshe palepale mezani, yale maji yanaenda kwenye bakuli kubwa. Kila meza inafanya hivyo, hata kama vyombo vimetoka kuoshwa. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili. Ni asante. Watoto wangu walirudi na tabia hiyo, wanamgongea mama mkwe wangu meza akiwapa bukari (ugali).

Kuanzia saa sita mpaka saa nane hivi mji unapumzika. Kwenye maduka ya jumla muuzaji anafungua kitanda cha kukunja nyuma ya kaunta, analala katikati ya maboksi, mteja anangoja. Hakuna anayeona haya. Nanyi laleni. Nje joto linafika nyuzi 34 na zaidi, tena lile la unyevu, si hili letu la Oktoba linalokausha midomo. Ukiwatembeza watoto saa hizo utamkubali Papa Ruashi.

Sasa hao nkambo watakufundisha kazi ya mama, jiandae. Mtoto wako akitoka jasho, mmoja atakuja kumpapasa mgongo. Wao wanamtia mtoto kitambaa ndani ya shati mgongoni, kona moja imetokeza kwenye kola, kikilowa wanakivuta na kutia kingine. Nilikuwa ninacheka mwanzoni. Baadaye nikavinunua, na mafua ya binti yangu yalipungua, sijui kama ni hicho kitambaa. Ukimpa mtoto maji ya barafu watakukemea waziwazi. Wao ni maji ya moto tu, hata Julai, na chupa ya chuma begani. Yana faida kwako: maji ya bomba hayanywewi bila kuchemsha, lakini vyumba vya hoteli vina birika la umeme, na uwanja wa ndege na stesheni za treni zina mashine za maji ya moto bila malipo. Beba chupa.

Jioni ndiyo raha yenyewe. Kuanzia saa moja wamama wanaleta spika ya magurudumu, wanajipanga mistari kwenye kila uwanja ulio wazi, wanacheza dansi. Pembeni watoto wana viatu vya magurudumu, baiskeli, mapovu ya sabuni. Saa tatu usiku, saa nne, mtoto wa miaka miwili bado yuko nje na taa zinawaka. Nilikaa kwenye ngazi nikala longan (zinaiva wakati huohuo wa Julai na Agosti, nunua kwa tawi) na sikuangalia mara mbili nani anapita. Mtu aliyezoea kuwaita watoto ndani jua likizama, hilo linachukua siku kadhaa kuzoea.

Kama watawashangaa? Xiaobei hapana, Waafrika wamejaa, wauzaji wamezoea. Ukivuka kwenda mitaa mingine, ndiyo. Simu zitatoka, watataka picha na watoto, na nywele za binti yako zikiwa zimesukwa watazigusa. Wengine wanaomba, wengine hawaombi. Watoto wao watanyosha kidole. Mkubwa wangu alikasirika, nikamkumbusha wenzake wa Bel-Air wanavyomkimbilia Mchina yeyote wakimpigia kelele za "hi-ho". Alinyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Cha kuogopa ni kimoja: pikipiki za umeme. Za petroli zilipigwa marufuku mjini tangu 2007, hizi za umeme hazina sauti, na vijana wanaopeleka chakula, wenye nguo za njano au za bluu, wanapita nazo mpaka njia ya watu wa miguu. Taa ikiwa ya kijani kwako, bado angalia nyuma. Huyo wa miaka 3 mbebe kwa kitenge barabarani, akicheza acheze bustanini. Na kitenge kitakupatia marafiki, nkambo wa kule nao wanajua kubeba mgongoni.

Kijana_wa_Kasapa

Mama Furaha amesema vizuri. Mimi nilisoma kule, naongeza mambo ya simu maana hapo ndipo familia zinakwama siku ya kwanza.

Pesa taslimu wanapokea, ila muuzaji mdogo mara nyingi hana chenji. Kila mtu analipa kwa simu, Alipay au WeChat. Siku hizi programu hizo zinakubali kadi ya Visa au Mastercard ya nje, ziwekeni na kuunganisha kadi mkiwa bado Lubumbashi, maana uthibitisho unatumwa kwa namba yenu ya hapa. Hata mama wa viazi vitamu vya kuchoma barabarani ana karatasi ya QR, ile alama ya mraba unayoipiga picha kwa simu ili kulipa. Ukilipa, kisanduku kidogo kando yake kinatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia. Watoto watapenda. Wewe utakipenda kidogo, soko zima linasikia umetumia ngapi.

WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwa intaneti ya kule. Laini ya nje inayotumia mtandao wa kule kama mgeni kwa kawaida inapita, kwa hiyo nunueni eSIM ya safari (laini isiyo na kadi, inawekwa ndani ya simu) kabla ya kuondoka. Tafsiri muichukue ile inayofanya kazi bila mega, Kichina kikiwa kimepakuliwa kabisa. Bei sokoni haihitaji tafsiri, muuzaji anaandika kwenye kikokotoo, nawe unafuta unaandika yako. Vingine vinasoma namba kwa sauti.

Mkilala hotelini, hoteli inawaandikisha polisi. Mkipanga chumba kwa mtu, ni nyinyi wenyewe mnaokwenda kituo cha polisi ndani ya saa 24, na watoto pia, kila mmoja na pasipoti yake. Msiseme "mtoto mdogo huyu". Pasipoti zitembee na mama, si na bwana sokoni. Polisi ni 110, ambulensi 120.

Kuhusu picha mimi siko pamoja na Mama Furaha kabisa. Mtoto akikataa, weka mkono mbele ya kamera, sema "bu yao", yaani hataki. Wanaelewa na hawakasiriki. Wa miaka 11 ana haki ya kuchoka kuwa kivutio.

MamaFuraha_BelAir

Kijana, hapo umenishinda. Binti yangu mwenyewe alifika mahali akawa anajifunika kofia.

MamaNadege_Kampemba

Aksanti sana yaya, dada yangu mkubwa, aksanti kijana. Nimesoma mara mbili. Maswali mengine: huyu mdogo hajui pilipili na anachagua chakula, akilia bukari nifanye nini? Vyoo vikoje? Jumapili tunasali wapi, sisi ni Wakatoliki. Na siku ya mvua tunafanya nini, maana nimesikia kuna dhoruba.

Papa_Ruashi

Bukari haina shida, Xiaobei kuna migahawa ya Waafrika, fufu na samaki wa kukaanga unapata. Bei njo utalia. Unga beba kidogo ndani ya valizi, nyama na matunda hapana, wale wa forodha wanatupa.

MamaFuraha_BelAir

Papa Ruashi kumbe unajua mambo ya jikoni.

Mama Nadege, chakula cha Guangzhou chenyewe hakina pilipili, hiyo ni ya mikoa mingine. Wao ni mvuke, supu iliyochemka saa nyingi, bata wa kuchoma anayening'inia dirishani, mchele. Mdogo wako atakula mchele na yai na bata akatwe vipande vidogo. Mwambie tu muuzaji asimpe kichwa. Miguu ya kuku wataimaliza, hiyo tunaijua. Kuna chai nyeusi chungu inayouzwa kwa kikombe kwenye vibanda, ati ya kutoa joto mwilini. Usiwape watoto. Mpe bwana yako umwangalie uso.

Vyoo vya umma viko vingi, bure, vingi ni vya kuchuchumaa, karatasi beba yako. Na ukiona nkambo amemshikilia mjukuu juu ya mtaro, miguu imefunguliwa, anampigia mluzi mpaka akojoe, geuza uso uendelee. Siku hizi wamepungua.

Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lina misa ya Kiingereza Jumapili mchana, na utakuta Waafrika wengi. Ni jengo la mawe matupu, lilimalizika 1888. Mtakwenda kwa metro: laini ya 5 kutoka Xiaobei hadi Ouzhuang, mbadilishe laini ya 6, mshuke Yide Lu. Nauli inaanzia yuan 2, watoto wadogo hawalipi, mifuko yote inapita kwenye mashine ya ukaguzi hata kikapu cha mtoto. Hiyo barabara ya Yide yenyewe ni soko: upande huu samaki wakavu, kamba na uyoga kwa magunia, harufu inakupokea kabla ya kanisa, upande mwingine vitu vya kuchezea vya jumla. Pita kwa samaki kwanza. Ukianza na vya kuchezea hamtafika misa.

Bustani ya wanyama iko laini ya 5 pia, vituo vitatu tu kutoka Xiaobei. Chimelong, bustani nyingine kubwa ya wanyama, ni nzuri kuliko hiyo, ndiko walikozaliwa wale dubu panda watatu wa mimba moja mwaka 2014 na wote wakapona, lakini kiingilio ni pesa nyingi kwa watu watano. Mimi ningefanya ya kwanza, kisha jioni niwapandishe feri ya kawaida ya mtoni, ile ya watu wa kazini, senti chache. Ule mnara wa mita 600, Canton Tower, mnauona kutoka majini ukibadilisha rangi bila kulipa lifti.

Mvua: inakuja ghafla, inamwaga saa moja, inaondoka. Dhoruba kubwa ni jambo jingine. Inatangazwa kwa rangi, kwenye simu, kwenye televisheni, kwenye lifti. Ikifika nyekundu hakuna kutoka, hata bwana yako akisema ana miadi na kiwanda. Weka ndani tambi za kumwagia maji ya moto, ndizi, maji. Siku hiyo piga simu nyumbani, wao wako mbele saa sita, saa nne usiku kule ni saa kumi jioni Lubumbashi, mama yako atakuwa hajalala.

Hoteli mwambie bwana yako achukue ya karibu na kituo cha metro. Atakuonyesha ya bei chini iliyo mbali, ana sababu zake za kilo na teksi za mizigo. Wewe mwulize tu nani atambeba mtoto wa miaka 3 kutoka hapo mpaka stesheni saa sita mchana. Na viatu vya watoto visiwe vipya, wavivae wiki chache kabla, kule mnatembea.

MamaNadege_Kampemba

Nimemsomea yote. Ameanza kutafuta vyumba vya laini ya 5. Yaya Furaha, hizo jianzi zinauzwa wapi, au nisubiri wanipigie?

MamaFuraha_BelAir

Zinauzwa mlangoni mwa bustani na kwenye vibanda vya vitu vya michezo. Nunua mbili, moja itaishia juu ya mti.